Mwanamke Aliyesimama Ukutani

Watu wakija kuniuliza kuhusu ile picha, huwa wanataka niwape habari ya matumaini. Wanakuja na simu zao, wanakaa kwenye benchi langu, wanakunywa chai yangu, halafu wanaanza: mama, hebu tueleze, ulipata wapi nguvu? Sikupata nguvu mahali popote. Nilipata udongo mwekundu kwenye mtaro wa barabara, nikapata samadi kwenye zizi la jirani, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kwa sifa. Nimeieleza habari hii kwa upole mara nyingi mno, na kila mara kuna mahali naruka. Leo siruki, kwa sababu nimechoka.

Nilizaliwa upande wa Serengeti, kijiji kimoja nje ya Mugumu, nikaolewa Tarime, si mbali na Nyamwaga, na aliyenioa ni mwanamke. Wakurya hapo hawahitaji maelezo. Wengine naomba wasikunje uso. Mama mmoja alifiwa na mume akiwa na mabinti watatu, wote wakaolewa wakaenda zao, na hakuwa na mtoto wa kiume wa kushika mji wake. Kwa mila zetu mama wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake, wakabeba jina la marehemu mumewe. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Yeye ndiye aliyepeleka ng'ombe kwa baba yangu, yeye ndiye mwenye mji, mimi ndiye mke. Baba wa watoto wangu alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na juu ya mji hakuwa na la kusema. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita mokamona, yaani mkwe, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuwahi kumzaa.

Alikuwa mama mkali. Kwa miaka miwili ya kwanza hakuwahi kuniambia ugali wangu umeiva, aliula tu. Lakini siku niliyojifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, alitoka nje akazunguka nyumba yake mara tatu akiugusa ukuta kwa kiganja. Hapo nikajua mahali moyo wake ulipo.

Nyumba ile aliijenga na mumewe kabla mimi sijazaliwa. Ilikuwa ya miti na fito na udongo, nyasi juu, baadaye tukaweka bati. Kila mwaka baada ya mavuno tuliisiriba upya kwa nje: udongo, samadi, maji, unakanda kwa miguu mpaka mapaja yanauma, halafu unapaka kwa mkono. Mimi nilikuja na mkono wa kwetu. Mama yangu mzazi alikuwa anachora mistari na maua kuzunguka mlango kwa vidole, na nami nilijifunza hivyo, bila kujua kwamba kuna watu mahali fulani wanaita kitu hicho sanaa.

Sasa dhahabu. Dhahabu ilikuwepo pale tangu zamani, watu walichimba kwa mikono yao, wakauza Sirari, wakanunua ng'ombe. Kisha likaja shimo kubwa na mitambo, na maisha yakawa ya kusikiliza mlipuko. Kila alasiri ardhi ilitingishika, vikombe vikagongana kabatini, watoto wakacheka, na ukutani ukatokea ufa mpya. Vijana waliacha majembe wakaenda kuokota mawe ya mgodini, na wengine walirudi wakichechemea. Mwaka kabla ya mambo haya, pembe moja ya nyumba yetu ilipasuka vibaya hadi nguzo zikalegea. Tukaingiza nguzo mpya za mkaratusi pale pembeni, tukafunika kwa udongo, tukasahau.

Halafu ikasemekana shimo litapanuliwa kuja upande wetu, na wenye nyumba watathaminiwa, walipwe, wahamishwe. Kufumba na kufumbua kijiji kikageuka. Watu walianza kutegesha. Kutegesha ni kumtegea mthamini kama unavyomtegea kwale: unasimamisha kibanda usiku kucha, bila sakafu, bila mtu ndani, unakisiriba haraka, unapanda miche mia kwenye eneo la kulala mbuzi wawili, halafu unakaa kivulini ukisubiri uhesabiwe. Kuna mtu alijenga nyumba nne na hakuwa na kitanda hata kimoja. Siwalaumu sana. Mtu anayejua ataondolewa na kitu kidogo hujitahidi kiwe kikubwa.

Tangazo likabandikwa ofisi ya kijiji, na likasomwa kwenye mkutano uwanja wa shule: kuanzia siku hiyo mtu asijenge, asipande, asiongeze chochote. Kitakachoongezwa hakitathaminiwa. Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Kwenye mkutano huohuo Mama alisimama. Hakuwa mtu wa mikutano. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama katikati ya wanaume waliokaa kwenye madawati ya watoto, akanyoosha mkono, akangoja mpaka akapewa nafasi.

"Nina swali," alisema. "Mkinihamisha, makaburi yangu namwachia nani?"

Mgeni wa mgodini mwenye kipaza sauti alitabasamu, tabasamu zuri tu, wala hakuwa mtu mbaya. "Asante mama. Ila tunaomba wenye nyumba waulize kwanza. Mwanaume wa nyumba yako yuko wapi?"

"Mwanaume wa nyumba ni mimi," Mama alisema. "Mke wangu yule pale."

Akanionyesha kwa kidole. Wenyeji hawakucheka, wanajua ni kweli. Wageni kwenye meza ya mbele ndio waliocheka, wakatazamana, wakacheka tena, na mwenye kipaza sauti akasema, "Haya mama, kaa, tutakufikia." Hawakumfikia. Mama alikaa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yangu na sikuthubutu kumpita. Nilikuwa na hasira ambayo hata leo nikiigusa bado ina moto, na nilikuwa na aibu pia, kwa sababu walipocheka mimi niliinamisha kichwa.

Kilichofuata kilianzia kwa shemeji yake Mama, mdogo wa marehemu, mpiga litungu. Litungu ni zeze letu kubwa la nyuzi nane, likipigwa vizuri kifua kinaitikia. Mzee huyu alikuwa mwenye majivuno ya ajabu. Aliapa kwamba litungu lake linasikika mpaka Susuni, na kwamba mke wake wa pili alimfuata kwa sauti peke yake bila kumwona uso, jambo ambalo ukimwona uso unaliamini. Hapigi bila pombe ya mtama, na ikiisha vidole vinakufa ganzi. Lakini siku ya tatu baada ya mkutano alikuja mchana, hakuomba kitu, akakaa kwenye kigoda chake, akapiga.

Alikuwa ametunga wimbo juu ya lile swali. Hakulijibu. Alilifanya litembee. Swali lilifukuzwa mkutanoni likaondoka kwa miguu, likafika Nyamwaga, nyumba ya kwanza likapewa kigoda, nyumba ya pili likapewa maji, likapanda mlima, likashuka mpaka Susuni, na kila linapolala asubuhi linaondoka na mtu mmoja nyuma yake. Mwishoni linarudi uwanja wa shule likiwa na umati, na umati mzima umesimama, hakuna wa kuambiwa akae. Mama alisikiliza akichambua maharage. Wimbo ulipoisha alisema, "Umenifanya mrefu," halafu akaendelea na maharage yake.

Mimi sikulala vizuri nikiwaza wimbo ule. Asubuhi nikaenda mtaroni na ndoo.

Nilichora nje, ukuta wa mbele wote, na ili picha ishike ilibidi kwanza nisiribe upya ukuta mzima, tabaka nene, laini kama ugali wa mgonjwa. Nyekundu ilikuwa ya mtaroni, nyeupe ya bondeni, nyeusi masizi ya sufuria na unga wa betri zilizokwisha. Bluu sikuwa nayo, nikapanda gari mpaka Sirari kutafuta bluu ya kufulia inayotoka ng'ambo ya mpaka. Muuzaji alinionyesha vipaketi akaniambia, "Chukua hii madam, hii ndiyo ile original, haifade." Nikamwambia sifui, nachora mto. Akanitazama, akaniongeza kimoja bure.

Mama nilimchora kando ya mlango, amesimama, mkono juu. Mahali pale ukuta ulikuwa na uvimbe tangu siku zote, kwa sababu ndani yake kulikuwa na nguzo nene ya mlangoni, na uvimbe ule ulinipa tumbo lake na kifua chake bila mimi kuhangaika. Ukipita na jua la jioni ungesema anapumua. Nyuma yake niliwachora watu wakiinuka kwenye madawati, mmoja nusu, mwingine robo tatu, wanawake wakiwa na watoto mgongoni, mmoja na ndama. Upande wa pili nilichora litungu kubwa kupita nyumba, na nyuzi zake nane zikashuka chini zikageuka matuta ya mahindi. Mto wa bluu ukapita katikati. Kazi ilinichukua wiki tatu. Watoto walikula viporo, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Watu walikuja. Jumapili baada ya ibada walipita wakiwa na nguo zao nzuri, wakasimama mbele ya ukuta, na shemeji akajileta na litungu lake akapiga bila kuombwa, kisha akaomba. Mwinjilisti naye alikuja, akatazama mkono ule ulionyooshwa, akamuuliza Mama kama anamsifu Bwana. "Nauliza swali," Mama akamjibu. Mwinjilisti akasema hata Bwana anaulizwa, akaondoka. Mama alianza kukaa nje. Mwanamke ambaye hakuwahi kukaa bila kazi mkononi, sasa alikaa akijitazama. Siku moja nilimsikia akicheka peke yake, nikachungulia, nikaona anawacheka wale wageni niliowachora wadogo kama siafu chini ya meza yao.

Wanawake wengine wakataka na wao. Nikaenda nikawachorea milango tu, ua hapa, mkono ulionyooshwa pale, nikaahidi kumaliza baada ya mavuno. Nyumba iliyokamilika ilikuwa ya kwetu peke yake. Na kwa kuwa sifa zilishanilewesha, niliingia ndani pia, nikafuta masizi ya miaka yote kwa udongo mweupe, ili wageni wakichungulia waone pasafi. Nilitaka Mama awe na nyumba nzuri kuliko zote. Hilo tu ndilo nililotaka, nalisema ili lijulikane.

Wathamini wakaja mwezi uliofuata. Aliyefika kwetu alikuwa kijana mpole, alimpa Mama shikamoo kwa adabu, akasifu picha. Alisema hajawahi kuona kitu kama hiki, akaipiga picha na simu yake mwenyewe. Halafu akaweka kidole gumba ukutani akakandamiza. Kidole kikaacha alama. Akazunguka nyuma, ambako nako nilikuwa nimepaka rangi moja nyekundu ili isije ikaonekana nimechoka njiani. Akaingia ndani akanusa. Akatoka akasimama, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyependa kazi yake.

"Mama, nyumba hii ni mpya," alisema.

"Mpya?" Mama akauliza.

"Hii lipu haijafika miezi miwili. Ndani hakuna moshi. Tangazo lilisema asiongeze mtu." Akafunga daftari lake. "Mimi siwezi kuiandika. Hii ni tegesha."

Walikuwa na kopo la rangi nyekundu, nyumba inayokubaliwa inapigwa namba ukutani. Kwetu hawakupiga. Wakaenda kwa jirani niliyemchorea mlango tu, wakaona ukuta wake wa zamani uliopasuka, wakampiga namba.

Nilibaki nimesimama na mikono yenye udongo. Kila kitu ambacho kingemtolea Mama ushahidi, moshi wa miaka, nyufa za milipuko, madoa ya mvua, alama za vidole vya mumewe huko chini ya dari, nilikuwa nimekifuta kwa mkono wangu, kwa mapenzi, nikiwa naimba. Nyumba isiyo na namba ingebomolewa, na mwenye nyumba angeondoka hana kitu, hata pa kuweka mkeka. Majirani wakaja kusema walimkuta Mama pale tangu wanazaliwa. Kijana aliwajibu bila ukali kwamba kijiji kizima kimekuwa kikishuhudiana hivyohivyo, hata kwa vibanda vya juzi. Alikuwa sahihi, ndiyo shida.

Mtendaji wa kata alituonea huruma. Alimwomba kijana arudi siku ya Ijumaa kabla hawajaondoka, kama sisi tutaweza kuonyesha kwamba nyumba ni ya zamani. Kuonyesha vipi, kila mtu alijua. Miti ndani ya ukuta haidanganyi. Inabidi ubomoe mpaka uifikie.

Nilimwambia Mama siku ileile. Alikataa.

"Tuchimbe pembeni kidogo tu," nilimwambia.

"Hapana."

"Mama, ni udongo. Nitachora tena."

"Kule waliniambia kaa," alisema. "Hapa nimesimama. Usiniguse."

Siku mbili alipika mwenyewe, akala mwenyewe, akakaa nje mbele ya ukuta wake. Wala hakunilaumu, angenilaumu ningepumua. Shemeji alikuja na litungu akataka kumpigia, Mama akamwambia aende nyumbani kwake akamwage mbolea. Mimi nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, nikifikiria watoto wangu watatu wanaobeba jina la mji ambao hautakuwepo, na nikijichukia.

Ijumaa kijana alirudi, na mtendaji, na majirani nyuma yao. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Sikumwomba ruhusa. Nilichukua jembe nikaenda pembeni kabisa, mbali naye, kule walikokuwa wale wageni wadogo chini ya meza, nikaanza kubomoa. Nilifikiri nitatoa kipande cha ukubwa wa sinia, tuone mti wa zamani, yaishe. Udongo ulianguka. Ukatokea mkaratusi. Mweupe, umenyooka, na misumari inang'aa.

Kijana alinitazama, nami nikakumbuka. Ile ndiyo pembe iliyopasuka, tuliyoitia nguzo mpya mwaka uliotangulia. Katika ukuta wote wa mbele nilikuwa nimechagua mahali pale pekee ambapo nyumba ilikuwa mpya kweli. Mtu mmoja nyuma aliguna. Nilifungua mdomo nieleze habari ya mlipuko na nguzo, nikasikia maneno yangu yanavyofanana na maneno ya kila mtu aliyetegesha.

Mama akainuka. Akaja akanichukulia jembe mkononi. "Sogea," alisema.

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya picha yake. Walikuwa wanalingana urefu, shemeji alisema uongo, hakuwa mrefu. Aliitazama kidogo, kama mtu anavyoangalia kama amefunga zizi, kisha akainua jembe akaipiga tumboni. Alipiga kwa mpigo wa kulima, bila haraka. Kifua kikaanguka. Uso ukabaki peke yake juu, na mkono, halafu navyo vikaja chini pamoja, kipande kimoja, kikavunjika miguuni pake. Aliendelea mpaka akafika ndani. Tabaka moja lilifuatwa na jingine, jekundu, kijivu, jekundu, jeusi la moshi, siriba za mavuno yote aliyowahi kuvuna, na mwisho kabisa ikaonekana nguzo ya mlangoni. Ilikuwa mti mgumu wa porini, wa aina ambayo siku hizi hupati. Imekuwa nyeusi, mchwa wameizunguka wakashindwa, na fito zimefungwa kwa kamba za magome ambazo hakuna mtu wa rika langu anayejua kuzisokota.

"Huyu mti aliubeba mume wangu begani," Mama alimwambia kijana. "Njoo ushike, mura, mwanangu."

Kijana alikuja akashika. Kisha akafungua daftari.

"Jina la mwenye nyumba?"

Mama akalitaja jina lake, lake mwenyewe, na kijana akaliandika bila kuuliza zaidi. Akachukua kopo akapiga namba nyekundu pembeni ya tundu, juu ya mto wangu wa bluu. Aliomba samahani wakati wa kuondoka, sijui aliiomba kwa jambo lipi hasa.

Watu walitaka kushangilia na hawakuweza. Mimi nililia, nasema wazi, nililia kwa sauti mbele ya mtendaji. Mama alikuwa anafagia. Alifagia vipande vyake mwenyewe, akavirundika, akavibeba kwa karai akavimwaga kwenye shina la mgomba.

Jioni ileile nilikanda udongo nizibe tundu, maana lilikuwa mlangoni na upepo uliingia hadi kitandani kwa watoto. Mama akaimwaga ndoo yangu. Alisema wathamini bado hawajaondoka wilayani, wakirudi wakikuta siriba mpya wataanza tena maneno yao. Kila mtu aliogopa hivyo. Tuliacha kusiriba kabisa, kijiji kizima, nyumba zikakaa na nyufa zao zikisubiri. Milango niliyokuwa nimeahidi kuimalizia hakuna aliyeikumbusha. Rangi yangu ya bluu iliyobaki nilifulia mashati ya shule.

Tulihama mwaka uliofuata. Tuna nyumba ya tofali sasa, imara, na kuta za saruji ambazo udongo haushiki. Makaburi walikuja kuyahamisha, na Mama alisimama pale siku nzima kuhakikisha. Amezeeka, anasahau mengi, anawaita watoto kwa majina ya baba zake wadogo. Lakini kabla ya kuhama zilikuja mvua.

Zilikuja za upande, alasiri, kutoka magharibi, moja kwa moja kwenye ukuta wa mbele. Tulining'iniza gunia kwenye tundu, likalowa, likawa linapiga maji ndani. Picha iliyobaki ilianza kushuka, wale watu waliokuwa wakiinuka wakachuruzika wote, nyekundu ikaingia kwenye nyeupe. Watoto walikuwa wamejikunyata kitandani. Mama akachukua kigoda chake, akaliondoa gunia, akakaa hapo penye nguzo, mgongo wake ukiwa umeziba tundu, uso kwetu ndani. Maji yakawa yanampiga mgongoni, lakini kitandani hayakufika tena.

"Mama, toka hapo," nilimwambia. "Utaumwa."

"Acha nizibe."

"Ni mimi niliyeharibu. Nikae mimi."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nililisema neno hilo. Nilikuwa nimelibeba tangu siku kijana alipobonyeza kidole ukutani, na nilingoja anitukane. Alinitazama kwa yale macho yake makavu. Kitenge chake kilikuwa kimeshikana na mwili na alikuwa anatetemeka.

"Lile tundu ni kubwa," alisema. "Mgongo mmoja hautoshi. Lete kigoda chako."

Nilileta kigoda changu, nikakaa kando yake, bega kwa bega, mpaka mvua ikaisha.